Idadi ya watumiaji wa kuigiza hupatikanaje kabla ya kufungua tiketi za Desemba?

Fundi_wa_Kibaha aliuliza:

Habari zenu, wakuu. Ninafanya kazi katika timu ya watu wanne inayotunza mfumo wa kukatia tiketi za mabasi ya mikoani, na ninaomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kupima utendaji wa programu. Kila mwaka tiketi za safari za Desemba tunazifungua siku moja, saa mbili kamili asubuhi, baada ya wateja kutumiwa ujumbe mfupi wa simu. Wengi wao ni watu wa Kilimanjaro na Arusha wanaorudi nyumbani kula Krismasi, na kila mmoja anajua kwamba akichelewa atakosa kiti. Mwaka jana mfumo ulielemewa kwa karibu nusu saa. Kurasa hazikufunguka, na wapo wateja waliokatwa fedha bila kupata tiketi, jambo lililotuumiza sana kwa sababu ilitulazimu kurudisha fedha hizo mteja mmoja mmoja kwa siku tatu.

Mwaka huu mkurugenzi anataka tuthibitishe kwamba mfumo unahimili “watumiaji elfu kumi kwa wakati mmoja”. Nimetumia JMeter, programu inayoigiza watumiaji wengi ili kupima seva, kwenye kompyuta yangu mpakato, nikaanza na watumiaji wa kuigiza 500, kila mmoja akifungua ukurasa wa mwanzo, akitafuta basi la Dar es Salaam kwenda Moshi, akichagua kiti na kulipa, kisha akirudia tangu mwanzo bila kupumzika. Seva ya majaribio ilizidiwa ndani ya dakika moja. Nilipopunguza hadi 200 ilisimama imara, lakini sielewi matokeo hayo yananiambia nini kuhusu siku yenyewe. Kumbukumbu za seva za mwaka jana ninazo zote: katika saa ya kwanza zilianza ziara 5,400, na ziara moja ilidumu kwa wastani wa dakika sita. Je, idadi ya watumiaji wa kuigiza hupatikanaje, na kila mmoja apangiwe kufanya nini?

Mpimaji_Mkongwe alijibu:

Mkuu, pole kwa yaliyowafika mwaka jana. Weka kando kwanza hiyo elfu kumi, kwa sababu haisemi watu hao wanaingia kwa kasi gani, wanakaa ndani muda gani, wala wanafanya nini wakiwa humo. Namba utakayoweza kuitetea mbele ya mkurugenzi tayari iko kwenye kumbukumbu zako. Ziara 5,400 kwa saa ni sawa na 1.5 kwa sekunde, na dakika sita ni sekunde 360. Ukizidisha unapata watu 540 walio ndani ya mfumo kwa wakati mmoja. Kanuni hii John Little aliithibitisha mwaka 1961 katika hisabati ya foleni, na inafaa kwa zahanati na kivuko kama inavyofaa kwa seva: walio ndani ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa.

Sasa tazama wale 500 wako walifanya nini. Mteja halisi hufungua kurasa kama 12 katika dakika hizo sita, maana anasoma nauli, anapiga simu nyumbani kuuliza kama aondoke tarehe 21 au 22, anatafuta namba ya simu ya ndugu atakayesafiri naye. Wateja halisi 540 wa namna hiyo, kwa jumla yao, wanaomba kurasa 18 tu kwa sekunde. Watumiaji wako wa kuigiza hawakupumzika hata kidogo, kwa hiyo ikiwa seva ilijibu kila ombi kwa nusu sekunde, 500 hao waliiomba kurasa 1,000 kwa sekunde. Kuzidiwa kwake ndani ya dakika moja hakukuambii lolote kuhusu Desemba. Na hata wale 200 uliodhani ni wachache walikuwa wanaibebesha mzigo mara nyingi zaidi ya ule wa siku yenyewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwawekea watumiaji wako mapumziko kati ya ukurasa na ukurasa, na mapumziko hayo yatoke kwenye kumbukumbu zilezile, kwa kupima nafasi iliyopo kati ya ombi moja na linalofuata la mteja yuleyule. Usiandike sekunde tano kwa wote, kwa sababu watatembea kwa hatua moja kama gwaride na kuigonga seva wote kwa pamoja kila baada ya sekunde tano. Yaache mapumziko yatofautiane, mafupi yawe mengi na marefu yawe machache, kama yalivyo kwa watu.

Jambo la pili ni kwamba si kila anayeingia ananunua. Gawa ziara zako kwa njia zilizopita: waliotafuta safari wakaondoka, waliochagua kiti wakaishia hapo, na waliofika hatua ya malipo. Skripti yako inamlipisha kila mtu, na hiyo ndiyo hatua nzito kuliko zote. Ukishapata mgawanyo, uthibitishe kwa kuhesabu maombi ya malipo yaliyoandikwa kwenye kanzidata katika saa hiyohiyo. Hesabu mbili zikigombana, yaelekea umekosea kutenganisha ziara, na usipange mzigo wowote hadi zipatane.

Dada_wa_Kisauni alijibu:

Ninakubaliana na ndugu Mpimaji kuhusu mapumziko, lakini nina wasiwasi na wastani wa saa nzima. Tiketi zenu zinafunguliwa kwa saa inayojulikana na kila mteja ameshapewa taarifa. Watu hawawezi kufika 1.5 kwa sekunde kwa utulivu wakati wote wanaitazama saa. Tafadhali gawa saa hiyo kwa dakika moja moja, uone ni wangapi waliingia katika dakika tano za kwanza.

Ninasema hivi kwa sababu niliwahi kushiriki kujenga tovuti ya maombi ya ufadhili wa masomo, ambayo mwisho wake ulikuwa saa sita usiku. Tuliipima kwa wastani wa mwezi, tena kwa kuingia na kutoka tu. Usiku wa mwisho vijana walikuja wote baada ya saa tatu, na kila mmoja alikuwa anapakia nakala za vyeti kwa simu, kwa mtandao dhaifu, kiasi kwamba faili moja lilichukua dakika kadhaa kufika. Prosesa ya seva ilikuwa haina kazi kubwa, lakini nafasi zote za miunganisho zilishikwa na watu waliokuwa wanapakia polepole, na mwingine hakuweza kuingia. Majaribio yetu yalifanyika ndani ya mtandao wa ofisi, ambako faili lilelile lilifika kwa chini ya sekunde moja. Kuna watoto waliokosa nafasi ya kuomba kwa ajili ya kosa lile, na tangu hapo sipimi mfumo wowote wa wananchi bila kuwapa baadhi ya watumiaji wa kuigiza mtandao wa taratibu.

Kuna jambo jingine ambalo JMeter ya kawaida itakuficha. Ukiweka watumiaji 540 wanaozunguka, kila mmoja husubiri jibu kabla ya kutuma ombi linalofuata. Seva ikianza kuchoka, nao wanapunguza kasi pamoja nayo, na mzigo unashuka wakati uleule ambao ungepaswa kuendelea. Wateja halisi hawana upole huo, kwani anayewasili saa mbili na dakika tatu hajui kwamba aliyemtangulia bado anasubiri, anaingia tu. Mtafiti Bianca Schroeder na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba mfumo uleule, ukipimwa kwa njia hizi mbili, unaweza kutoa muda wa majibu unaotofautiana sana.

Vipimo vyenyewe pia huharibika. Tuseme wanaingia watu sita kwa sekunde na seva inaganda kwa sekunde kumi: watu 60 wataonja mgando huo. Lakini ukipima kwa mtumiaji mmoja wa kuigiza anayesubiri, ataandika kipimo kimoja kibaya katikati ya mamia ya vipimo vizuri, na ripoti itapendeza. Gil Tene wa kampuni ya Azul Systems amelieleza kosa hili kwa miaka mingi. Dawa yake ni kupanga kasi ya kuwasili badala ya idadi ya watumiaji, na kuhesabu muda wa kusubiri tangu sekunde ambayo ombi lilipaswa kutumwa. Gatling na k6, programu nyingine za kupima mzigo, zinakubali kupangiwa kasi ya kuwasili, na JMeter yenyewe ina kundi la watumiaji la aina hiyo tangu toleo la 5.5.

Bwana_Kanzidata alijibu:

Ninaongeza machache kuhusu data, kwa kuwa hakuna aliyeigusa. Skripti ya ndugu yetu inawapeleka wote kwenye basi la Moshi. Basi lina viti kama 50. Watumiaji 500 wakiligombania basi moja, viti vitakwisha mapema mno, na kuanzia hapo jaribio litakuwa linapima ukurasa wa “nafasi zimejaa”, ambao ni mwepesi na unajibu haraka. Kinyume chake, ukiwatawanya sawasawa katika safari zote za mwezi, hakuna wawili watakaokigombania kiti kimoja, na kufuli za kanzidata, zinazozuia wawili kuandikiwa kiti kimoja, hazitapata kazi. Chukua mgawanyo wa kweli wa tarehe na njia. Bila shaka mtakuta tarehe 20 hadi 23 za kwenda kaskazini zimebeba sehemu kubwa, na kwamba wateja wengi wanagombania viti vya mbele na vya dirishani.

Kanzidata ya majaribio nayo ijazwe kwa kiasi kinachokaribia ile ya kazini. Jedwali lenye tiketi 2,000 hujibu swali lolote upesi hata kama halina faharasa, na tatizo litaonekana siku lina mamilioni. Vilevile, usitumie namba moja ya simu na utafutaji mmoja kwa watu wote, maana kache, yaani hifadhi ya majibu yaliyokwishatolewa, itakujibu badala ya kanzidata.

Fundi_wa_Kibaha aliandika:

Ninawashukuru sana. Nimekaa na kumbukumbu hizo kwa siku mbili na nimeona yafuatayo. Kati ya ziara 5,400, ziara 1,800 zilianza ndani ya dakika tano za kwanza, yaani sita kwa sekunde, na zilizobaki 3,600 zilienea katika dakika 55 zilizofuata, kama 1.1 kwa sekunde. Kwa saa nzima, ziara 11 katika kila 100 zilifika hatua ya malipo, lakini nilipowatenga waliokuja katika dakika tano zile, walikuwa 25 katika kila 100. Maombi ya malipo ya saa ile kwenye kanzidata ni 594, na karibu robo tatu yake ni ya hao waliowahi.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Mwaka huu idara ya masoko imeomba kila mteja ajiandikishe kwanza ndipo aweze kutafuta safari, tofauti na mwaka jana. Je, mgawanyo wa njia bado unafaa? La pili, hatuwezi kutuma maombi ya malipo ya kuigiza kwa kampuni za simu, kwa hiyo nimeandika huduma ndogo ya kuigiza inayojibu “imelipwa” papo hapo. Je, inatosha?

Mpimaji_Mkongwe alijibu:

Dada wa Kisauni alikuwa sahihi nami nimejifunza kwake, maana 540 yangu ilikuwa namba ya saa tulivu. Waliowasili sita kwa sekunde kwa dakika tano wanakaa dakika sita, kwa hiyo mwishoni mwa dakika ya tano wengi wa wale 1,800 bado wamo ndani, na robo yao wanaelekea kulipa. Panga kasi ya kuwasili ya sita kwa sekunde kwa dakika tano kwa mgawanyo wa 25, kisha ishuke. Mgawanyo wa saa nzima usiutumie kwa wimbi la mwanzo, kwa kuwa hao wamekuja kununua.

Kumbuka pia kwamba kumbukumbu hizo ni za siku ambayo mfumo ulielemewa. Zinaonyesha waliohudumiwa, na waliokata tamaa hazikuwahesabu sawasawa. Tena baadhi ya ziara ni za mtu mmoja aliyerudi mara tatu kwa sababu ukurasa haukufunguka. Angalia kwenye seva ya mbele ni maombi mangapi yalirudishiwa makosa ya 502 na 504, yaani seva ya nyuma imeshindwa au imechelewa kujibu, upate picha ya walioachwa mlangoni. Mimi ningepima kwanza mzigo wa mwaka jana kama ulivyo, halafu mara moja na nusu, halafu mara mbili, kila mmoja kwa jaribio lake.

Kuhusu kujiandikisha, suala hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Tovuti ya bima ya afya ya Marekani, HealthCare.gov, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013 ikiwa imepangwa kwa watumiaji 50,000 hadi 60,000 kwa wakati mmoja, na maofisa wakasema wamekuja 250,000. Lakini idadi haikuwa tatizo pekee. Karibu na ufunguzi iliamuliwa kwamba mtu afungue akaunti kabla ya kutazama mipango ya bima, kwa hiyo hata waliotaka kutazama bei tu walisukumwa kwenye hatua ya kujiandikisha, ambayo ndiyo iliyoziba. Siku ya kwanza watu sita ndio waliofanikiwa kujiunga. Kwenu, asilimia kubwa ya wanaotafuta na kuondoka sasa watagusa hatua ya kuandika akaunti na kutumiwa namba ya uthibitisho kwa ujumbe wa simu, na mwaka jana hatua hiyo haikuwa na mzigo wowote. Mgawanyo wa zamani haufai tena. Kama idara ya masoko inaweza kukubali, omba kujiandikisha kuhamie kwenye hatua ya malipo.

Dada_wa_Kisauni alijibu:

Kuhusu huduma ya kuigiza malipo: kujibu papo hapo hakutoshi, na pengine humo ndimo kilikofichika kisa cha fedha zilizokatwa bila tiketi. Katika maisha halisi, mfumo unaomba malipo, mtandao wa simu unamtumia mteja ombi la kuingiza namba ya siri, mteja anaitafuta simu, anaingiza, na taarifa ya uthibitisho inarudi kwenu kwa njia nyingine kabisa. Wapo wanaojibu ndani ya sekunde kumi, wapo wanaochelewa hadi dakika nzima kwa sababu salio halitoshi na wanaongezewa na jirani, na wapo wasiojibu kabisa huku kiti kimeshikiliwa kwa jina lao. Pima ucheleweshaji huo kwenye rekodi zenu, uufundishe huduma yako ya kuigiza. Wape pia baadhi ya watumiaji tabia ya kubonyeza “Lipa” mara ya pili baada ya sekunde 15, kwa sababu watu hufanya hivyo.

Fundi_wa_Kibaha aliandika:

Wakuu, ninaleta matokeo. Kwenye rekodi zetu, kati ya kutuma ombi la malipo na kupata jibu hupita wastani wa sekunde 30. Nimeiweka huduma ya kuigiza ichelewe kwa mgawanyo huo, nimezihamisha programu za kuzalisha mzigo kutoka kwenye kompyuta yangu kwenda kwenye seva mbili nyingine, na jana saa nne usiku nimeendesha wimbi la ziara sita kwa sekunde.

Dakika nne za kwanza zilikwenda vizuri, maombi 95 kati ya kila 100 yakijibiwa ndani ya sekunde 1.2. Dakika ya tano kila kitu kilisimama, hata ukurasa wa kutafuta safari ambao hauhusiani na malipo. Prosesa ilikuwa chini ya asilimia 30. Nilipofuatilia nikakuta programu yetu inafungua muunganisho wa kanzidata pale mteja anapobonyeza “Lipa”, na haiuachii hadi jibu la malipo lirudi. Nimeirudia kanuni ya Little kwa mkono wangu: robo ya ziara sita ni 1.5 kwa sekunde, mara sekunde 30, ni miunganisho 45 inayoshikiliwa bila kufanya kazi yoyote. Akiba yetu, yaani miunganisho yote inayoweza kufunguliwa kwa wakati mmoja, ni 40. Kwa mgawanyo wa 11 ingekuwa kama 20 tu, na jaribio lingepita salama kabisa. Kwa huduma iliyojibu papo hapo nisingeona chochote.

Nimeelewa pia yaliyowapata wateja wa mwaka jana. Taarifa ya uthibitisho iliporudi, nayo ilihitaji muunganisho ili iandikwe, ikaukosa, ikapotea. Fedha ilikuwa imeshakatwa.

Bwana_Kanzidata alijibu:

Kazi nzuri sana, mkuu. Msiiongeze akiba hadi 100 mkadhani mmemaliza, kwa sababu ziara zikiongezeka mara mbili mtarudi palepale, na kanzidata yenyewe ina kikomo chake. Andikeni ombi la malipo, hifadhini hali yake kuwa “inasubiri”, uachieni muunganisho mara moja, kisha mfungue mwingine taarifa ya uthibitisho ikifika. Taarifa hizo zipokelewe kwenye foleni yake na zipewe akiba ndogo ya miunganisho isiyoguswa na kurasa za kawaida, ili mteja aliyekwishalipa asishindane na anayetafuta. Kila ombi la malipo lipewe namba yake ya pekee, anayebonyeza mara mbili asikatwe mara mbili.

Mkishabadilisha, rudieni wimbi lilelile kwa data ileile na saa ileile ya usiku, bila kugusa kitu kingine, ndipo muende kwenye mara moja na nusu.